Steki ya Profesa Ondina

Zoraide Pimenta alikuwa na jambo moja tu la kujivunia duniani, nalo lilikuwa mkono wake wa kulia. Tangu aanze kutengeneza kucha katika saluni ya Bi Adalgisa, pale Vila Tibério, hakuwahi kumtoa mtu steki. Mji mzima wa Ribeirão Preto unajua maana yake. Koleo ndogo ya kukatia ngozi ya ukucha ikiteleza, ikachukua nyama na damu ikatoka, hiyo ndiyo steki. Mtengeneza kucha aliyekutoa steki utamsalimia njiani, utamuulizia hali ya mumewe na watu wa nyumbani, lakini mkono wako hutampa tena. Wanawake wa pale husamehe ulevi, husamehe uongo, wapo hata waliosamehe kuibiwa mume. Steki hawasamehe.

Kazi yenyewe hakufundishwa na mtu. Alizaliwa kambi ya wakata miwa, upande wa Sertãozinho, na mikono ya kwanza aliyoijua ilikuwa ya mama yake, iliyopasukapasuka kama ardhi ya Agosti, masizi yamejaa ndani ya kila ufa. Jumamosi jioni mama aliiloweka kwenye beseni la maji ya moto, kisha akamkabidhi binti yake sindano amtoe vijiti vya majani ya miwa vilivyomwingia. Mama hakuwa mtu wa kulia, kwa hiyo Zoraide alilazimika kuyasikia maumivu kwa vidole vyake mwenyewe, kwa namna nyama ilivyokaza kidogo tu, kabla uso haujasema. Akajifunza kuyasogelea maumivu bila kuyaamsha. Wengine hujifunza jambo hilo uzeeni, wengine hawajifunzi kabisa.

Basi alipofika mjini na kupewa kiti cha dirishani kwa Bi Adalgisa, alikuwa fundi tayari. Mumewe Osmar, dereva wa malori ya kiwanda cha sukari, alikuwa akiwaambia wenzake kwamba mke wake ana mkono wa askofu: ukiushika unatoka umebarikiwa.

Na katika mikono yote iliyowahi kupita mbele ya dirisha lile, mibaya kuliko yote ilikuwa ya Profesa Ondina Bertazzo.

Profesa Ondina alikuwa akitafuna kucha. Mwanamke mzima, mwenye mvi na heshima, anayefundisha madaktari kule chuoni mlimani, alikuja kila Ijumaa na vidole vilivyoliwa kama mahindi ya kuchoma. Tena hakuwa na aibu nalo. Aliketi, akatumbukiza vidole kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, na kabla maji hayajapoa alikuwa ameanza kueleza kazi yake. Na kazi yake, kwa ufupi, ilikuwa kujua kwa nini mwili hujiua wenyewe kwa hasira.

"Siyo kijidudu kinachoua," alisema Ijumaa moja, mwaka ule ambao miwa ilikuwa bado ikichomwa kabla ya kukatwa na majivu meusi yakidondokea nguo kwenye kamba. "Kijidudu mara nyingi ni mgeni tu, mshamba, hata njia haijui. Kinachoua ni kelele."

"Kelele gani tena, Profesa?" aliuliza Zoraide, huku akisukuma ngozi kwa kijiti cha mchungwa.

"Sikiliza. Kila seli ina bawabu mlangoni. Bawabu kipofu, hana macho, ana vidole tu. Siku moja anapapasa, anagusa kipande cha koti la kijidudu. Analijua koti lile, mababu zake walilijua. Lakini hatoki mlangoni. Anamfinya mwenzake aliye ndani. Huyo anamfinya wa pili, wa pili anamfinya wa tatu, na kila anayefinywa anafinya zaidi ya mmoja. Sasa kuna bwana mmoja pale ndani ambaye siku zote amekaa ameshikwa mkono na mlinzi, asifanye fujo. Mfinyo ukifika kwa yule mlinzi, anachukuliwa, anauawa. Bwana anaachiwa. Anakimbia mpaka kwenye kiini cha seli, mahali yanapotunzwa maagizo yote, na anaamuru: pikeni moto. Seli inaanza kutema nje maneno ya moto. Seli ya jirani inayasikia, nayo inatema. Mishipa inafunguka, maji yanavuja, askari wanamiminika, mahali panakuwa pekundu, panavimba, panauma. Umeelewa?"

"Nimeelewa," alisema Bi Adalgisa kutoka kwenye meza yake. "Umemwelezea Neuza."

Saluni iliangua kicheko. Bi Neuza Galhardo mwenyewe, mjane wa nyumba ya mkabala, alikuwa ameketi pale pale chini ya mashine ya kukaushia nywele, kichwa kimejaa rola, na kwa sababu ya mngurumo wa mashine hakusikia neno ila jina lake.

"Nani amenitaja?" aliuliza kwa sauti ya mtu aliye ng'ambo ya mto.

"Tunakusifu, Bi Neuza," Zoraide alimpigia kelele.

"Msinisifu, mniambie."

Wakacheka tena. Profesa alifuta machozi kwa mkono uliokuwa huru. "Kwa mtu mwenye afya," aliendelea, "kelele ina mwisho wake. Tena mwisho wenyewe ni kichekesho. Yule bwana aliyeachiwa, katika maagizo ya kwanza kabisa anayotoa, moja ni kutengenezewa mlinzi mpya wa kuja kumkamata yeye mwenyewe. Ni kama mwizi anayevunja duka kisha anawapigia polisi simu. Lakini kwenye ugonjwa wa sepsis, mama, polisi wanakuja, wanasikia kelele, nao wanaanza kuvunja duka. Mwili mzima unapiga mayowe. Mishipa yote inavuja, presha inaanguka, figo zinafunga mlango. Na ukimtafuta yule kijidudu mshamba aliyeanzisha, unamkuta ameshakufa zamani, pengine kwa woga."

Ni hilo la woga lililomponza Zoraide. Alikiona kijidudu kimelala chali, koti limekitoka, kimekufa kwa kelele za watu. Kicheko kikamtoka tumboni bila ruhusa, bega likatikisika, na koleo, ambayo wakati huo ilikuwa kwenye kona ya kidole cha shahada cha Profesa Ondina, ikafunga mdomo ikiwa na nyama.

Damu ilitoka tone moja, nene, jekundu kama cheri.

Kicheko kilikatika. Hata ile mashine ya kukaushia nywele, kwa bahati mbaya, ilimaliza muda wake papo hapo na kuzimika, na katika ukimya ule Bi Neuza akatoa kichwa.

"Steki," alisema taratibu. "Zoraide kamtoa Profesa steki."

"Ah, si kitu," alisema Profesa, akikiangalia kidole chake kwa furaha ya mtu aliyeletewa zawadi. "Nilikuwa nakosa mfano. Angalieni, bawabu ameshaguswa."

Zoraide alikiosha kidole kwa spiriti, akakiosha tena, akakifunga. Profesa alimpiga busu shavuni, akamwambia asiwe mtoto, akaenda zake. Na Bi Neuza naye akatoka na rola zake kichwani, hakungoja hata kuchanwa.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda kama alivyoeleza Profesa. Bi Neuza alivuka barabara mpaka duka la mikate, akamwambia Bwana Valdir mwenye duka kwamba Zoraide amemtoa Profesa steki, damu imetoka. Huo ulikuwa ukweli, na ndio ulikuwa ukweli wa mwisho. Bwana Valdir hakuwa mtu wa uongo, ila alikuwa mtu wa chumvi, kama waokaji wote. Kwa kila aliyekuja kununua mikate ya jibini, alifunga mikate na habari pamoja. Jioni kidole kilikuwa kimevimba. Jumamosi asubuhi kilikuwa cheusi. Jumamosi mchana daktari alikuwa amekikata, na wenye huruma zaidi wakasema hapana, hakukata kidole, kidole kingekuwa nafuu, amekata mpaka kwenye kifundo cha mkono. Jumapili, kwenye misa ya asubuhi, mtu alimpelekea padri jina la Ondina Bertazzo aliombee, hakusema ni mgonjwa au ni marehemu. Padri, aliyekuwa na haraka, akalisoma pamoja na marehemu.

Zoraide alikuwa kanisani. Alisikia jina, akahisi benchi linamkimbia.

Osmar alirudi kutoka zamu Jumapili hiyo akiwa na uso mrefu. Alivua viatu mlangoni, akakaa.

"Kiwandani wanasema mke wangu amemkata profesa mkono kwa panga."

"Koleo, Osmar. Koleo ya kucha."

"Nimewaambia hivyo hivyo. Nikawaambia mke wangu hana panga, panga lililopo nyumbani ni langu."

"Ukawaambia hivyo?"

"Ndiyo. Haikusaidia."

Jumatatu Zoraide alikwenda nyumba kwa nyumba. Alianza kwa wateja wake wa zamani, wale aliowajua vidole kabla ya majina, akawaeleza kwamba ilikuwa tone moja tu, kwamba Profesa alicheka. Walimkaribisha kahawa, walimwitikia, na mikono wakaiweka chini ya meza. Akishatoka, waliambiana: mbona anakana kabla hajaulizwa? Mwenye hatia ndiye hukimbia pasipo na anayemfukuza. Kila alipopita kuzima, aliacha nyuma yake cheche. Wateja wa Jumatatu jioni wakatuma udhuru. Wa Jumanne hawakutuma hata udhuru.

Bi Adalgisa hakuwa katili. Alichukua shuka safi, akalifunika juu ya kiti cha dirishani, kama watu wanavyofunika kioo msibani.

"Mwanangu," alisema, "mimi sikufukuzi. Lakini Ijumaa ikifika hakuna mkono hata mmoja uliokaa hapa, kiti nitampa mpwa wangu wa Jaboticabal. Anakuja na vifaa vyake. Saluni bila kucha ni kinyozi tu."

"Nakuelewa, Bi Adalgisa."

"Na Profesa mwenyewe yuko wapi? Mlete nimwone."

Hapo ndipo palipokuwa na hofu ya kweli, ile iliyokuwa chini ya hofu nyingine zote. Zoraide alikuwa ameshapita kwa Profesa mara nyingi. Madirisha yamefungwa, magazeti yamelundikana mlangoni, majivu ya miwa yameyafunika kama vazi la msiba. Basi alikwenda kwenye simu ya kibanda iliyo mbele ya duka la mikate, akatia ficha, kile kijisarafu cha simu, akapiga chuoni. Bwana Valdir alitoka kufagia mahali palipokuwa safi.

"Maabara," ilijibu sauti ya kijana mwenye shughuli nyingi.

"Samahani, namtafuta Profesa Ondina. Ni mzima?"

"Profesa? Profesa yuko kwenye sepsis tangu Jumamosi. Tunategemea Jumatano atatoka, ila…"

Ficha ikaisha. Simu ikakata.

Zoraide alibaki na mkono wa simu sikioni. Alikumbuka kila kitu: bawabu kipofu, mfinyo, mlinzi aliyeuawa, figo zinazofunga mlango. Hakuna mwanamke wa Vila Tibério aliyekuwa hajui sepsis, walifundishwa na bingwa mwenyewe. Akautundika mkono wa simu.

"Amesemaje?" Bwana Valdir aliuliza, ufagio mkononi.

"Yuko kwenye sepsis."

"Mungu wangu. Na atatoka?"

"Wanategemea Jumatano."

Bwana Valdir alivua kofia yake ya mwokaji. "Atatolewa Jumatano," aliwaambia waliokuwa dukani, na neno dogo lile, atatolewa, lilitosha. Wanawake wa jumuiya ya kanisa wakachangishana shada la maua.

Jumatano, jua likiwa utosini, Profesa Ondina Bertazzo alishuka kwenye teksi pembeni mwa uwanja na sanduku lake, shati limekunjamana, uso umeiva kwa usingizi wa basi. Alikuwa ametoka Campinas, kwenye mkutano mkuu wa watafiti wa sepsis, ambao wao wenyewe kwa uvivu wa midomo huuita sepsis tu. Alitamani kahawa. Akaingia kwa Bwana Valdir.

Bwana Valdir alimtazama, akapauka kuliko unga wake, kisha akili ikampa njia. Alikuwa amewahi kusikia, au alidhani amewahi kusikia, kwamba Profesa ana dada.

"Pole sana, mama," alisema, kichwa ameinamisha.

Profesa, aliyesafiri tangu alfajiri, akajibu kama mtu yeyote anayepewa pole ya safari. "Nimeshapoa. Ni mambo ya kawaida."

"Ilikuwa ghafla."

"Mm, nilipata habari dakika za mwisho. Lakini ilipendeza, watu walikuwa wengi. Nipe kahawa."

Kahawa alipewa bure. Kabla hajaimaliza, mtaa wote ulikuwa umejua kwamba pacha wa marehemu amefika kugawa vyombo, na kwamba hana chembe ya huzuni.

Alipoingia saluni, Zoraide alikuwa akifagia nywele za watu wengine. Fagio lilianguka. Alimkimbilia, hakumtazama hata usoni, aliushika mkono wa kulia, akaugeuza, akaugeuza tena. Vidole vyote vilikuwepo, vimetafunwa vyote. Kile cha shahada kilikuwa chekundu pembeni, kimetuna kidogo kama mdomo wa mtoto aliyenuna. Zoraide alikibusu, akacheka, akalia, akakibusu tena.

"Taratibu, kinauma hicho," alisema Profesa. "Lakini kinavyowaka kwa nidhamu. Nimewaonyesha wenzangu wote kule."

"Ulikuwa umekufa, Profesa."

"Lini?"

"Kuanzia Jumapili."

Walimweleza yote, Zoraide na Bi Adalgisa wakipokezana, tangu duka la mikate hadi shada la maua. Profesa alisikiliza, na kadiri alivyosikiliza ndivyo macho yalivyozidi kung'aa. Walipofika kwenye pole ya Bwana Valdir ilibidi aketi, na kwa kuwa kiti kilichokuwa karibu ni kile kilichofunikwa shuka, aliketi juu ya shuka.

"Pacha," alisema, akipata pumzi. "Kwa hiyo sasa mimi ni pacha wangu."

"Mimi naona vidole kumi," Bi Adalgisa alisema. "Nimeridhika. Lakini mimi siyo ninayekuja kutengenezwa kucha, Profesa. Wanaotoa mikono ni hao wa nje, na hao wameshamzika Ondina. Ukitoka kusema wewe ndiye, watasema pacha anataka kurithi pensheni."

Kicheko kilimtoka Zoraide, kikageuka kwikwi njiani. Alikaa kwenye kigoda chake cha kazi, kifupi kile, mbele ya mwanamke aliyeketi juu ya shuka.

"Nimekanusha mpaka ulimi umeota sugu," alisema. "Ninavyozidi kukanusha ndivyo wanavyozidi. Profesa, wewe unayajua haya. Mwilini nani huwaambia basi? Askari wakishawasili, wameshakasirika, wana moto mikononi. Nani wanamsikiliza?"

Profesa aliacha kucheka. Lilikuwa swali ambalo wanafunzi wake wengi huchelewa kuliuliza, kwa sababu moto unavutia macho kuliko majivu.

"Tulidhani kwa miaka mingi kwamba huwa wanachoka tu," alisema. "Moto unakosa kuni, unazimika. Siyo hivyo. Kuna kazi ya kuzima, na inafanywa na wale wale. Wakubwa wao, wale walaji. Wanafika na hasira kama wengine, wanauma, wanatema moto. Lakini baadaye wanapewa kazi nyingine. Wanaanza kula maiti za wenzao, kuokota vifusi, na mwenye kuokota vifusi hubadilika, mama. Anaanza kutema maneno mengine. Anasema yaishe, anasema jengeni. Na anasikilizwa, kwa sababu ni yeye yule aliyepiga yowe mwanzo. Ukituma mgeni kuwanyamazisha, watamla."

Zoraide aliinuka. Kisha akavua aproni.

"Profesa, niazime kidole chako."

"Kimeunganishwa na mimi."

"Basi njoo nacho."

Nyumba ya Bi Neuza ilikuwa na pazia lililochakaa mahali pamoja tu, pale mkono unapolisogeza kuchungulia. Ndani palikuwa na simu juu ya kitambaa cha kufuma, na simu ile, kwa kadiri alivyojua Zoraide, haikuwahi kulia isipokuwa mtu alipokosea namba. Mtu akiishi hivyo, habari za wengine ndizo mkate wake. Zoraide alikuwa amekuja na maneno makali chini ya ulimi, kwa tahadhari, lakini alipoliona pazia lile akayameza.

Bi Neuza alifungua mlango, akamwona Profesa, akashika mlango kwa mikono miwili. Ilikuwa mikono iliyopinda, viungo vimevimba kama mafundo ya muwa, na mara alipoona inatazamwa akaificha kwenye mifuko ya aproni.

"Huyo ni dada yake," alisema haraka.

"Ni mimi, Neuza."

"Kama wewe ndiye Ondina, siku ile kwenye foleni ya benki ulinikosea nini?"

"Nilikwambia paka wako amenenepa. Ukaninunia mpaka Krismasi."

Bi Neuza alifikiri. "Ni yeye," alisema, kwa uchungu kidogo, kama mtu aliyelazimika kurudisha kitu kizuri alichokiokota. "Paka alikuwa na mimba. Umekuja kunifokea, Zoraide? Nifokee basi, nimekaa."

"Sikuja kukufokea, Bi Neuza. Nimekuja kukuomba unifanyie kazi." Alimvuta Profesa mkono, akauweka juu ya meza, chini ya mwanga wa dirisha. "Hiki kidole mimi sijiamini nacho. Mimi ndiye niliyekikata, macho yangu yana woga, nikikitazama naona mara kimepona mara kinaoza. Nahitaji mtu mwenye macho. Na mtaa huu, nani ana macho kukushinda?"

"Kweli hakuna," alikiri Bi Neuza.

"Profesa atakuja hapa asubuhi na jioni. Wewe ukikague. Wekundu unapanda au unashuka, uvimbe unakaza au unalegea. Chochote utakachokiona, kiseme. Usinifiche kwa kunihurumia."

Bi Neuza alitoa miwani. Alikiinamia kidole kwa muda mrefu, akakinusa, akakipima joto kwa kukiweka shavuni kwake. Profesa Ondina, ambaye vidole vyake viliwahi kutazamwa na darubini za nchi kadhaa, baadaye alisema hakuwahi kukaguliwa namna ile.

"Kina moto," alisema Bi Neuza hatimaye. "Lakini si moto mbaya. Wekundu umesimama hapa kwenye kona, haujavuka kiungo. Kingekuwa kinaoza kingekuwa na harufu, mimi nilimuuguza marehemu mume wangu, harufu ile naijua." Alivua miwani. "Nani amesema kimekatwa?"

Zoraide alimrudishia Profesa mkono wake.

"Watu wana midomo," alisema Bi Neuza, na mguu mmoja ulikuwa tayari mlangoni.

Jioni ile ile Vila Tibério ilipata taarifa. Profesa Ondina yu hai, hakuna pacha, pacha ni uzushi wa muuza mikate, na aliyekiona kidole kwa macho yake na kukigusa kwa shavu lake anasema wekundu haujavuka kiungo. Bwana Valdir alijaribu kubisha, akaambiwa: wewe umekikagua? Hakuwa amekikagua. Akaanza kufunga habari mpya na mikate. Alhamisi asubuhi wekundu ulikuwa umerudi nyuma kwa upana wa uzi. Alhamisi mchana watu waliokuwa wakivuka barabara kumkwepa Zoraide walivuka barabara kumwendea, kumuuliza kama ni kweli uvimbe umelegea. Naye, aliyekuwa amefundishwa na wiki hiyo, akajibu kwamba yeye hajui, wamuulize Bi Neuza.

Chumvi haikukosekana. Waliofika kwa Bwana Valdir mwisho walisikia kwamba kidole kimetoa ukucha mpya unaong'aa bila rangi, na kwamba Profesa ameacha kutafuna. Shada la maua, kwa kuwa lilikuwa limeshalipiwa, walimpelekea mwenyewe mlangoni, naye akalipokea akitweta kwa kicheko, akalitundika maabara.

Ijumaa, Bi Adalgisa alipokuja kufungua saluni, aliwakuta wanawake wamejipanga ukutani mpaka kwenye kona. Wote waliotuma udhuru, na wale ambao hawakutuma. Mmoja, mke wa mfamasia, aliuliza kwa sauti ya chini kama inawezekana apate steki ndogo, ya kidole cha pete, kama ile ya Profesa.

"Hatutoi steki hapa," Bi Adalgisa alimwambia, na akaingia ndani kulitoa shuka kwenye kiti cha dirishani. Alilikung'uta mlangoni mbele ya wote, majivu ya miwa yakapeperuka.

Zoraide alifika akiwa amechelewa, maana Osmar alisisitiza kumleta kwa lori la kiwanda, akipiga honi kila kona. Aliona foleni, akaona kiti. Alitandaza taulo, akamimina maji ya uvuguvugu, akazipanga koleo, na kabla hajaita mtu, mtu akawa ameketi.

Alikuwa Bi Neuza. Hakuwa na rola. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani, na mikono bado iko mifukoni.

"Nina haki ya kwanza," aliwaambia walio nje bila kugeuka, "mimi ni mkaguzi." Kisha akashusha sauti. "Sijawahi kuitengeneza, Zoraide. Tangu ilipoanza kupinda. Usiku inawaka moto. Nani ataitaka mikono hii?"

"Nipe."

Bi Neuza aliitoa mifukoni mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayeweka mezani ndege wagonjwa. Zoraide aliipokea kwa viganja viwili, akaizamisha majini polepole, akaisikia inakaza, akangoja. Haikumchukua muda kujua kila fundo linauma kiasi gani. Ikaanza kulegea.

"Uniambie nikikuumiza," alisema.

Bi Neuza alifungua mdomo kumjibu, akaufunga. Alikuwa akitazama vidole vyake chini ya maji kana kwamba vimeletwa kutoka safari ya mbali, na kwa mara ya kwanza tangu saluni ile ifunguliwe, hakuwa na la kusema juu ya mtu yeyote. Wanawake wa nje waliungoja ukimya ule uishe. Haukuisha. Zoraide alichukua koleo, akaanza na kidole gumba.